Turubai Halirudishi Mtaji



Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya soko huko Nyamukubi, wilayani Kalehe. Mvua kubwa iliporomosha maji, matope na mawe kutoka milimani juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Wafu walihesabiwa, walau wale walioonekana. Nyumba zilizobomoka zilihesabiwa pia. Lakini magunia, vyerehani, beseni za sambaza na akiba iliyofungwa katika pindo la kitenge, ni nani aliyeviandika katika daftari lolote?

Hapo ndipo penye ugomvi wetu. Tunapinga desturi ya kumtazama aliyekumbwa na mafuriko kama tumbo la kulishwa na kichwa cha kufunikwa tu, na kusahau kwamba jana yake alikuwa mtu wa kazi.

Desturi hiyo tunaijua. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika mitaa ya Uvira na Kalemie. Kila mara msaada hufuata njia ileile: turubai, unga, mafuta, sufuria, sabuni. Hatuvidharau vitu hivyo. Bila hivyo watoto wangelala na njaa kwenye baridi. Lakini unga huisha. Katika miji na vijiji vyetu, nyumba na biashara ni kitu kimoja: meza ya ndagala ndiyo inayolipa karo, kodi ya nyumba na dawa. Meza hiyo ikichukuliwa na maji, familia imepotezewa mwezi ujao na mwaka ujao.

Ndipo mama anapoelekea kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye mijini huitwa Banque Lambert. Tufanye hesabu pamoja. Akikopa dola 50 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akashindwa kulipa, na riba ikazaa riba, baada ya miezi 3 anadaiwa karibu dola 110. Atauza bati, halafu kiwanja. Torati iliwakataza wadai wasishike jiwe la kusagia la maskini kuwa rehani, maana nyumba isiyo na jiwe hilo haina mlo wa kesho. Sisi tunamwachia mkopeshaji achukue hata jiwe lililosazwa na mafuriko, kisha tunaita jambo hilo biashara.

Wako wanaotujibu kwamba maskini akipewa fedha mkononi atazinywa. Neno hilo husemwa kwa sauti ya hekima, kumbe ni dharau. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walichambua tafiti nyingi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Walikuta kwamba, kwa jumla, familia zilizopewa fedha hazikuongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Hata bila watafiti hao, tazameni vikundi vya AVEC. Njia hiyo ilianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na leo mama zetu wanaiendesha kwa sanduku lenye kufuli tatu. Mtu anayeweka akiba juma kwa juma, na kujibu mbele ya wenzake kwa kila faranga, hana haja ya kufundishwa adabu ya fedha na mgeni aliyeshuka garini asubuhi.

Wengine husema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli. Tunayo wizara yenye jina la mshikamano wa taifa, na baada ya msiba wa Kalehe ilitangazwa siku ya maombolezo ya kitaifa. Tunadai kwamba mshikamano huo ufike mpaka kwenye kibanda. Lakini mwenye kudai haki haachi jirani yake mikononi mwa mla riba huku akingoja jibu la barua.

Na tuseme pia linalotuhusu sisi vijana. Orodha za waathirika mara nyingi huandikwa na vijana, kwa kuwa ndio wanaojua kuandika haraka. Anayedai fedha ili aandike jina la mjane, au anayemwingiza shangazi yake ambaye hakuguswa na maji, ni mwizi. Tusimtafutie jina la upole.

Basi tunapendekeza mambo manne, na tunaomba kila kikundi cha parokia kiyajadili kabla mvua hazijarudi.

Kwanza, katika juma la kwanza daftari liandike hasara za kazi pamoja na hasara za nyumba: bidhaa, vyombo, na madeni aliyokuwa nayo mtu. Orodha isomwe hadharani, mtaa kwa mtaa, ili majirani waisahihishe.

Pili, vikundi vya AVEC viitishe mkutano wa wanachama wote. Mfuko wa mshikamano uliwekwa kwa siku kama hizi, ufunguliwe. Malipo ya mikopo yasimamishwe kwa miezi itakayokubaliwa, bila faini.

Tatu, anayeanza tena kutoka sifuri apewe mtaji mdogo wa kwanza kama zawadi. Mkopo usio na riba uje baadaye, biashara ikishasimama. Kumkopesha mtu aliyepoteza kila kitu ni kumwongezea mzigo.

Nne, kijana asindikize watu ofisini. Aliyepotelewa na kadi ya mpiga kura hana kitambulisho, na bila kitambulisho ni vigumu kupata laini ya simu ya kupokelea fedha. Asaidiwe kupata cheti cha kupotelewa. Mwenye deni katika koperative ya akiba na mikopo aandikiwe barua ya kuomba muda, na nakala ibaki kwake ikiwa na muhuri.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji gari wala mfadhili ili lianze. Linahitaji daftari, kalamu na watu wasionunulika. Tukishindwa hata hapo, mafuriko yajayo yatawakuta mama zetu wakiwa bado wanalipa riba ya mafuriko yaliyopita, na turubai la pili halitawafaa kuliko lile la kwanza.