Waliliita Lexus, Nami Nikanyamaza

Ndugu msomaji, kama umepata kusimama kando ya barabara kuu pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, unafahamu kwamba watu wa pale hawahitaji kufundishwa magari. Usiku na mchana hupita mbele ya macho yao magari yaliyotumika Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, nayo yanakwenda Tunduma na Kasumulu ili yavuke kuingia Zambia, Kongo na Malawi. Haya ndiyo magari ambayo kila mtu wa njia hiyo huyaita IT. Basi, katika haya nitakayokusimulia, usiwadhanie watu hao kuwa ni wajinga. Kosa halikuwa lao peke yao.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa ameuza gari lake kwa mfanyabiashara mmoja wa viazi anayeishi Uyole, Mbeya. Arbuni ilikuwa imekwisha kulipwa. Fedha zilizobaki zingetolewa gari likifika. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya kazi huko, aliniomba nilipeleke mimi. Ni Toyota Altezza ya mwaka 2000, rangi ya fedha, saluni fupi yenye umbo la gari la michezo. Nilipolizunguka asubuhi ile niliona kwamba mahali pa nembo, mbele na nyuma, pamebandikwa ile herufi L iliyomo ndani ya duara. Nilidhani ni pambo la vijana. Sikuuliza.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha mafuta. Kijana aliyeshika bomba aliniuliza, "Mkuu, Lexus hii inakula sana?" Nikamjibu kwamba si Lexus, ni Altezza. Alicheka kama mtu anayeambiwa na tajiri kwamba leo hana hata senti. Mafinga, nilipoteremka kunywa chai katika ukungu wa misitu ya Sao Hill, niliwakuta vijana wawili wakibishana: mmoja alisema Lexus, wa pili aliapa kwamba ni Subaru kwa sababu ya mngurumo wa ekzosi. Nilipowaambia jina lake halisi walinitazama kwa huruma, kisha wakaendelea kubishana.

Makambako nilikutana na mzee mmoja aliyevaa koti zito. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga boneti kwa kidole, akasema, "Hizi ndizo Datsun zilizokuwa zikishinda Safari." Nilitaka kucheka, lakini mzee huyo alikuwa na hoja kuliko alivyojua. Datsun 240Z, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, nyumbani kwake Japani haikuitwa hivyo. Huko iliuzwa kwa jina la Fairlady Z. Na mwaka huo wa 1973 watu walikuwa na sababu ya kuchanganyikiwa zaidi, maana Mehta alimaliza akiwa na pointi sawasawa na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun, ila ya saluni. Ilibidi kanuni za mashindano ziamue mshindi. Mzee alikumbuka vema kelele za redioni. Nilimwacha na Datsun yake.

Kuanzia hapo, ndugu msomaji, nilianza kuchoka kusahihisha. Nikuambie kweli: sikuchoka tu, nilianza pia kupendezwa. Mtu akilisifu gari unaloliendesha, hata kama si lako, mgongo hunyooka wenyewe. Igawa niliulizwa, "Lexus ya mwaka gani hiyo?" Nikajibu, "Elfu mbili." Jibu hilo lilikuwa kweli tupu, nalo liliufunga uongo kwa kamba imara. Chimala mama mmoja muuza ndizi alisema watoto wake wataota Lexus usiku ule, nami nikasema ahsante.

Hapa yafaa nieleze habari yenyewe, kwa maana wengi wanaobishana juu ya jina hili wana nusu ya ukweli. Toyota ilianza kuuza Altezza nchini Japani mwaka 1998, na gari hilo likapewa tuzo ya gari bora la mwaka huko. Jina hilo ni neno la Kiitaliano lenye maana ya kimo, na pia utukufu. Lilipopelekwa Ulaya na kwingineko, gari lile lile liliitwa Lexus IS 200, kwa kuwa Lexus ni jina ambalo Toyota ililizindua Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya wanunuzi wa magari ya fahari. Lakini Japani kwenyewe Lexus haikuuzwa kwa jina hilo hadi mwaka 2005, ndio mwaka Altezza iliyokoma kutengenezwa. Kwa hiyo gari la umbo hili lililouzwa jipya kwa Wajapani ni Altezza, na nembo ya Lexus iliyo juu yake imeletwa baadaye na mtu mwenye gundi. Ndugu zetu wenye Toyota Harrier za mwanzo wanaijua hadithi hii, maana Harrier nayo ng'ambo iliitwa Lexus RX 300.

Na kuna kichekesho kingine. Taa za nyuma za Altezza, zile zenye kioo cheupe kinachoonyesha duara za ndani, ziliwapendeza watu mno hata zikaigwa na kubandikwa katika magari ya kila namna duniani. Huko Marekani taa hizo za kuiga ziliitwa taa za Altezza, ingawa gari lenye jina hilo halikuuzwa kule. Kwa hiyo gari nililokuwa nikiliendesha, ambalo lilikuwa limevaa jina la wengine, ndilo ambalo wengine walikuwa wakivaa taa zake.

Niliteremka Inyala nikiwa na mawazo hayo mepesi. Yalikoma Uyole.

Mnunuzi alikuwa akinisubiri uani pamoja na mkewe, watoto, na majirani kadhaa. Watoto walikimbilia nembo na kuipapasa. Yeye alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia kwamba fedha zile ni za viazi vya misimu miwili, na kwamba kanisani wamekwisha kusikia kuwa ananunua Lexus. Kisha akaniuliza, bila shaka yoyote, kama mtu anayeomba tu kuongezewa furaha, "Kaka, wewe umeliendesha kutoka Iringa. Ni Lexus yenyewe hasa?"

"Ni Toyota," nilisema. Hilo ndilo jibu ambalo shemeji alikuwa amenifunga nalo safari: kadi imeandikwa Toyota, Lexus ni ya Toyota, hakuna aliyedanganya.

Mkewe, ambaye ndiye aliyeshika bahasha, hakuiachia. "Toyota au Lexus?" aliuliza.

Nilifungua boneti. Nikawaonyesha namba ya fremu: inaanza na GXE10, kisha kistari na tarakimu chache, jinsi Wajapani wanavyoandika magari ya kwao. Lexus ya ng'ambo ingekuwa na mfuatano wa herufi na tarakimu 17. Nikawaonyesha na saa ya mwendo, inayokomea 180, kama ilivyo kawaida ya magari ya soko la Japani. Nikawaambia pia, kwa haki ya shemeji yangu, kwamba injini ni ile ile ya silinda sita ya Lexus IS 200, na kwamba kiwandani magari hayo ni ndugu wa tumbo moja.

"Kama ni ndugu wa tumbo moja," mama yule alisema, "kwa nini huyu tumeuziwa kwa bei ya yule?"

Sikuwa na jibu. Mume alikuwa amekaa juu ya gunia, akitazama majirani wanavyoondoka mmoja mmoja. Nilimpigia simu shemeji. Hakukana, wala hakukubali. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema wapunguze milioni 3 na mambo yaishe, na kwamba mimi na yeye tutazungumza. Hatujazungumza. Mke wangu alisema nilipaswa kumuuliza kaka yake Iringa, kabla ya kuwasha gari, badala ya kumwaibisha Mbeya mbele ya watu. Nimelipima neno hilo mara nyingi, na sina pa kulikwepa, maana nembo niliiona asubuhi ile ile.

Fedha zilipokwisha kuhesabiwa, mama alileta kisu cha jikoni, akaanza kuibandua nembo ya nyuma. Mumewe aliinuka haraka kwenye gunia, akasimama mbele ya gari kama anayelikinga na mvua.

Mwezi uliopita nilipita tena Uyole, nikaliona limeegeshwa karibu na soko. Nyuma limebaki doa la gundi. Mbele L ipo, imesuguliwa hadi inang'aa.