Mota Ikikataa, Usiilazimishe

Mwezi huu tuzungumze juu ya mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka 2010 umeme ulifika Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Sasa kikundi cha kijiji kinaweza kuendesha mashine kwa mota ya umeme. Lakini wengi wetu tulijifunza kwa injini ya dizeli, na mazoea yake tunayo bado.

Injini ikikataa kuwaka, unaizungusha tena kwa hendeli. Ikikataa tena, unazungusha tena. Mkono wako ndio unaochoka. Mota siyo hivyo. Ukibonyeza swichi mara kumi, wewe huchoki. Mota ndiyo inayoungua.

Kwa nini? Ndani ya mota mna nyaya za shaba zilizosukwa. Nyaya hizo zimepakwa vanishi ili zisigusane. Mota inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara 5 hadi 7 kuliko ikiwa kazini. Inayotumia ampea 15 kazini huweza kuvuta 90 wakati wa kuanza. Tena umeme ukiwa mara 6, joto ndani ya nyaya haliwi mara 6. Huwa mara 36, yaani 6 mara 6! Na feni ya mota imefungwa kwenye ekseli yake. Mota isipozunguka, feni nayo haizunguki.

Mota nzima hupita hapo kwa sekunde chache, nayo haidhuriki. Hatari ni kuiwasha tena kabla joto la kwanza halijatoka.

Fikiri siku ya mavuno. Watu wamepanga foleni na magunia yao. Umeme unakatika mashine ikiwa imejaa mpunga. Unaporudi, kijana wa mashine anabonyeza swichi. Mota inanguruma, haizunguki, maana mzigo umeikaba. Kifaa cha ulinzi kinakata umeme. Watu wanapiga kelele: "Washa bwana, jua linakuchwa!" Anakirudisha na kubonyeza tena. Mara ya nne anasikia harufu ya vanishi, kisha moshi unatoka. Hapo mota itapelekwa mjini kusukwa upya, na kina mama watarudi kwenye kinu na mchi.

Kijana huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuna aliyemwambia.

Basi umeme ukikatika, zima swichi kuu kwanza. Ondoa mpunga ndani ya mashine. Umeme ukirudi, washa mashine ikiwa tupu. Ikishika kasi, ndipo umimine mpunga kidogo kidogo. Kanuni ya mafundi ni hii: mota iliyopoa huweza kuwashwa mara mbili mfululizo. Mota yenye moto, mara moja tu. Ikishindwa, ipumzishe nusu saa, nawe tafuta sababu. Huenda mkanda umekazwa mno, au beringi imekufa. Huenda njia moja ya umeme imekatika kati ya zile tatu. Mota ya njia tatu ikipata mbili tu, hunguruma bila kuanza. Kuifungua ni kazi ya fundi.

Huenda pia umeme ni mdogo. Volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya mota ya kuanzia hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Jioni taa zikififia, ngoja.

Kile kifaa kinachokata umeme usikichokoze. Wapo wanaokizungusha kwenye ampea nyingi zaidi ili kisisumbue. Hao wamemfunga mlinzi kamba. Kiwekwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Tena kikikata, usikirudishe papo hapo. Chenyewe ni kidogo, hupoa upesi. Mota ni kubwa, bado ina moto ndani.

Na kama mashine imefanya kazi vizuri ila mota ina joto, usiizime kwa haraka. Iache izunguke tupu dakika chache, feni yake iipoze. Mteja akichelewa kidogo, ni bora izunguke tupu kuliko kuzimwa na kuwashwa kila debe.

Chukueni chaki. Kila mnapowasha, andikeni saa kwenye mlango wa banda la mashine. Mtu wa zamu ya pili atasoma hapo kabla ya kugusa swichi.