Mjomba na mstari mmoja

Juzi mjomba kanifuata gheto na bahasha ya kaki mkononi. "Mpwa wangu, we si unaandika magazetini? Niandikie hiyo sivii." Miaka 26 kakaa stoo ya kiwanda kimoja (mimi mwenyewe umri huo sijaufikia!), sasa kapunguzwa.

Nikaandika mstari mmoja: mtunza stoo. Basi. Mzee akaitazama karatasi, kimya.

Na kiinua mgongo chenyewe? Sheria ya Ajira ya 2004 iliweka mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, lakini mwisho miaka 10. Ile 16 mingine ikaenda na upepo, jamani.

Nikamuuliza, huko stoo ulikuwa unafanya nini hasa? Wee! Kupokea mizigo, kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi, leja za mkono mpaka kompyuta, kufundisha vijana ambao leo ni mabosi kwingine. Karatasi ikajaa, nikageuza nyuma.

"Namba zao unazo?" Anazo, ila anaona haya kumwomba kazi mtu aliyemfundisha kushika leja. Nikapiga mimi. Kesho saa mbili asubuhi anatakiwa Ubungo. Shati nimeshalipiga pasi.