Barua kutoka Bweni: Ng'ombe wa Mama na Mashine ya Mawe



Juma lililopita alinijia mama mmoja wa hapa kijijini, simu mkononi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba upesi upesi, akakaa, akasema, "Karani, mwanangu, nitazamie picha hizi na maneno yaliyo chini yake. Macho yangu hayafiki. Kijana anataka niuze ng'ombe."

Kijana huyo yuko Arusha. Alikwenda kutafuta kazi, akapata ya kufagia katika karakana ya mawe ya thamani, na kidogo kidogo akafundishwa kuyang'arisha. Sasa amempata mtu anayeuza mashine iliyokwisha tumika. Anataka kuinunua, aje nayo nyumbani, awe fundi anayejitegemea. Muuzaji ataka fedha taslimu kabla ya juma kwisha. Ng'ombe ni mmoja tu, jike, na ana mimba.

Nilimwomba mama anipe siku mbili. Zamani chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu asiyejua jibu na aulize kwanza kabla ya kusimama mbele ya watoto. Basi nikauliza, nikasoma, na yale niliyompa yule mama nawapa na ninyi, maana vijana walioko bara ni wengi na simu za namna hii zitawafikia wazazi wengine.

Kwanza kazi yenyewe. Jiwe linalopitisha mwanga, kama tanzanaiti iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, aghalabu hukatwa nyuso nyingi ndogo ndogo ili mwanga uingie na kurudi ukimetameta. Lakini jiwe lisilopitisha mwanga vizuri, au lenye rangi za mawimbi, hufanywa mgongo: chini bapa, juu mviringo laini, mfano wa kobe aliyelala. Mafundi huliita kaboshoni. Sisi watu wa pwani tumelijua umbo hilo tangu zamani bila kulijua jina. Tazameni pete za akiki vidoleni mwa wazee wetu. Karne nyingi akiki hiyo ililetwa na vyombo vya kaskazi kutoka Khambhat, mji wa Gujarat katika Bara Hindi. Tafadhali ushikeni mji huo, nitaurudia.

Fundi huanza kwa kukata jiwe kuwa kipande bapa kwa msumeno wenye chembe za almasi. Huchora umbo la yai juu yake kwa ncha ya waya wa alumini, kwa kuwa wino wa kalamu hufutwa na maji. Hulibandika kwa nta ngumu ya moto kwenye kijiti, apate pa kushika. Husaga ukingo, kisha hulizungusha na kulizungusha mpaka mgongo utokee. Magurudumu hufuatana, kutoka lenye chembe kubwa, namba 80, kwenda 220, 600, 1200 na kuendelea, na mwisho ni kipande cha ngozi chenye poda ya kung'arishia. Yataka subira. Mkwaruzo mmoja wa gurudumu la kwanza ukiachwa, hutokea tena mwishoni jiwe likishaanza kung'aa, na fundi hana budi kurudi karibu na mwanzo.

Sasa mashine ile ya pichani. Kununua kitu kilichotumika si aibu. Cherehani nyingi za kijiji hiki zilikwisha kushona nguo za watu wengine kabla ya kutufikia. Lakini cherehani hujaribiwa kwa uzi na kitambaa, nayo mashine ya mawe hujaribiwa kwa jiwe na maji. Picha haijaribu kitu.

Nilimwuliza kijana kwa simu, "Utasaga jiwe gani?" Akajibu kwamba atasaga lile jiwe la Longido, la kijani lenye madoa mekundu ya rubi, ambalo wageni hulipenda. Jiwe zuri kweli. Lakini rubi katika kipimo cha ugumu ina 9, ambapo almasi ina 10, na ule ukijani ni kati ya 6 na 7 tu. Vitu viwili vya ugumu mbalimbali vimeshikana katika jiwe moja. Ukilisaga kwa gurudumu la kaborandamu, kijani huliwa upesi na rubi hubaki imetuna kama vipele, na hakuna poda itakayoviondoa. Jiwe hilo lataka magurudumu ya almasi. Na ya pichani? Kaborandamu yote mawili. Yangefaa akiki, ambayo ina ugumu wa 7. Kwa hiyo kijana alikuwa karibu kumuuza ng'ombe kwa ajili ya mashine isiyofaa jiwe lake. Hakudanganywa na mtu hapo; hakuuliza tu.

Pili, kibandiko cha mota. Nilikikuza kile kwenye simu nikasoma: volti 115, mizunguko 60. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50. Ukiichomeka hivi hivi utaiunguza siku ile ile. Yahitaji kipunguza umeme chenye nguvu ya kutosha, nacho kina bei yake, na hata hapo mota itazunguka polepole kwa sehemu moja katika sita. Ni nafuu kubadili mota kabisa, lakini bei ya mota na itolewe katika bei ya muuzaji, si kuongezwa juu yake.

Tatu, shafti. Zima umeme, shika ncha ya shafti, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha, na gurudumu litarukaruka na kulivunja jiwe. Gurudumu la kaborandamu livuliwe, liningʼinizwe kidoleni, ligongwe taratibu kwa kipande cha mti. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, usiliwashe kamwe, maana gurudumu lenye ufa huweza kupasuka likiwa katika mwendo na kumpiga mtu usoni. Tena gurudumu la namna hiyo lililoachwa limelala katika maji hunywa maji upande mmoja, likawa zito huko, nalo hutikisa mashine nzima. Msumeno utazamwe kwa pembeni ukizunguka, ukiyumba umepinda.

Nimeyapita hayo haraka kwa sababu la nne ndilo lililoninyima usingizi.

Mama aliniambia kwamba mashine itakaa uani, karibu na jiko, ambapo bibi hulala mchana na watoto hucheza. Na katika picha zote sikuona bomba la maji, wala kopo la matone, wala kinga ya kuzuia marusho. Kijana alikiri: "Mwenyewe anasema husaga kavu, anafunga kitambaa."

Hapo ndipo turudi Khambhat. Mji ule ulioleta akiki kwetu unajulikana na madaktari kwa jambo jingine, yaani ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Akiki na mawe mengi ya jamaa yake ni silika. Yakisagwa kavu hutoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi lile unaloliona likianguka si la kuogopwa sana. Lile usiloliona ndilo lishukalo mpaka ndani ya pafu na kukaa humo. Halitoki. Pafu hufanya kovu juu ya kovu, mwaka hata mwaka, mpaka mtu mwenye umri wa kulima hawezi kupanda ngazi. Dawa ya kuliondoa kovu hilo haipo. Tena mwenye ugonjwa huo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Huko Khambhat kazi ilifanywa majumbani kwa watu, na madaktari waliochunguza wamekuta ugonjwa hata kwa walioishi karibu bila kusaga jiwe lolote. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi hilo. Ni kama kuvua dagaa kwa wavu wa papa.

Kinachozuia ni maji. Maji yatiririke juu ya gurudumu wakati wote jiwe linapogusa, vumbi ligeuke tope pale pale. Na tope nalo lisiachwe likauke, maana likikauka hurudi kuwa vumbi. Lisifagiwe, lioshwe na kukusanywa ndooni likiwa bado bichi, likafukiwe mbali na kisima. Na kwa kuwa maji na umeme vinakaa pamoja hapo, mashine iwe na waya wa ardhi uliofungwa na fundi anayejua. Mashine isiyo na maji, hata ukipewa bure, umepewa ghali.

Basi nilimwandikia kijana hivi. Arusha ndiko kwenye Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambako hufundisha kukata na kung'arisha mawe. Aende akaulize mafunzo, na amwombe mwenye ujuzi mmoja afuatane naye kuitazama mashine. Aulize pia Tume ya Madini juu ya leseni, maana kununua na kuuza mawe bila karatasi ni kutafuta hasara nyingine. Nikamwambia pia kwamba kurudi Bweni sasa sikuoni. Kisiwa chetu ni matumbawe na mchanga, hakina rubi wala akiki. Kila jiwe litapanda chombo Nyamisati, lishuke Kilindoni, kisha lirudi tena bara kutafuta mnunuzi. Na wala asifikiri kung'arisha matumbawe: kusini mwa kisiwa ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, na matumbawe yaliyo hai ndiyo nyumba ya samaki tunaokula.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Yeye mwenyewe huko karakanani, wanasaga kwa maji au kavu?"

Sikuwa nimeuliza hilo. Tukampigia papo hapo. Akasema kwa maji, isipokuwa siku ambazo maji yamekatika. Mama akamwambia siku hizo afagie nje.

Jumamosi kijana alikwenda kwa muuzaji na fundi mmoja mtu mzima, na ndoo ya maji. Wakaomba mashine iwashwe mbele yao. Muuzaji akasema hana kipunguza umeme, warudi kesho. Kesho yake simu yake haikupokewa. Sasa wamekubaliana, yeye na wenzake wawili, kuweka akiba kwa ajili ya mashine ndogo yenye magurudumu ya almasi na bomba lake la maji, waitumie kwa zamu huko huko Arusha. Ng'ombe bado yuko, amefungwa chini ya mnazi nyuma ya nyumba. Mama alipita jana ofisini akaniomba nimwandikie zile namba kwenye karatasi, 230 na 50, akaikunja na kuifunga pembeni mwa kanga yake.