MASHAURI YA JUMA HILI: Umri wa Bunduki Kuukuu

Bunduki kuukuu ikitolewa iuzwe, haiji peke yake. Huja pamoja na hadithi. Mmoja atasema ilikuwa ya Mzungu aliyewinda nyati katika bonde la Lambwe. Mwingine ataapa kwamba iliachwa na Wajerumani walipovuka mpaka na kupigana na Waingereza huko Kisii, Septemba 1914. Huenda ni kweli, na huenda ni maneno ya sokoni. Lakini hadithi ikirefuka, bei nayo hupanda, na kwa hiyo yafaa mnunuzi ajue kuusoma umri wa bunduki katika chuma chenyewe.

Hata hivyo, sheria hutangulia umri. Katika Kenya hapana ruhusa kununua bunduki wala kukaa nayo bila cheti, kwa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na uzee wa bunduki si udhuru. Kuwinda kwa starehe kulipigwa marufuku mwaka 1977, na Lambwe, iliyotengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, tangu 1983 ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya korongo, yule mnyama wa jamii ya swala. Basi anayenunua bunduki ya kuwindia hanunui kitoweo, hununua kumbukumbu. Na anayefikiri atanunua Tanzania, ambako watu huwinda kwa leseni, akumbuke kwamba hawezi kuivusha Isebania bila kibali.

Ikiwa cheti kipo, tazama kwanza chapa. Bunduki za jeshi la Waingereza za aina ya Lee-Enfield, ambazo nyingi ziligeuzwa kuwa za kuwindia, aghalabu zina maandishi ubavuni, nyuma ya komeo, pale chuma kinapokutana na kitako cha mti. Hapo utaona taji, na chini yake herufi za mtawala. V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. E.R. kwa bunduki kongwe ni Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala hadi 1910. G.R. hutumika kwa George wa Tano na wa Sita pia, kwa hiyo usitosheke nayo. Tafuta mwaka uliopigwa karibu yake.

Katika Mauser ya Kijerumani jihadhari na mtego mmoja. Tarakimu 71 au 98 zilizo ubavuni ni jina la aina yake, wala si mwaka iliotengenezwa. Bunduki yenye 98 yaweza kuwa ilitengenezwa mwaka 1917. Katika zile za jeshi, mwaka wenyewe hupigwa juu ya kasiba, pale risasi inapokaa. Kadhalika, ukisoma jina la mji wa Zella-Mehlis, jua kwamba miji miwili iliungana kwa jina hilo mwaka 1919. Bunduki hiyo haikupigana Kisii.

Pili, tazama kipimo cha risasi. Risasi ya .375 ya Holland & Holland ilitolewa mwaka 1912, na .458 ya Winchester mwaka 1956. Kasiba iliyochongwa kwa .458 haiwezi kuwa ya babu aliyewinda kabla ya vita vya Hitler, hata muuzaji akilia machozi.

Tatu, linganisha namba ya komeo na namba ya mwili wa bunduki. Zisipolingana, vyuma vimechanganywa. Jembe la mzee likitiwa mpini mpya bado hulima; lakini bunduki iliyotiwa kasiba mpya ina umri wa namna mbili, na anayelipa bei ya ule mkubwa amepunjwa. Ikiwa ni kazi ya mafundi wakubwa wa Uingereza, kama vile Rigby au Westley Richards, waandikie barua ukiwapa namba. Daftari zao za zamani zimehifadhiwa, nao huzitafuta kwa ada.

Umri si jambo la bei tu. Ni jambo la uhai. Askari wengi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki waliingia vita vya 1914 wakichukua Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Baruti zilizokuja baadaye zina nguvu kupita hiyo. Kasiba iliyofanyiwa kwa baruti nyeusi ikitiwa risasi ya nguvu mpya yaweza kupasuka usoni pa mpigaji. Ndiyo maana kasiba za Uingereza hujaribiwa London au Birmingham kabla ya kuuzwa, kisha hupigwa alama. Herufi NP au maneno Nitro Proof huonyesha kwamba ilijaribiwa kwa baruti mpya. Usipoziona, usiijaribu hata kwa risasi moja. Na hata ukiziona, mpe kwanza fundi wa bunduki mwenye leseni aikague, kwa maana kutu hula ndani mahali jicho lisipofika.

Yabaki neno kwa wale wasionunua bali wamerithi. Ukikuta bunduki darini kwa marehemu, usiifiche katika mahindi, wala usiisugue, wala usivute kifyatulio. Toa habari kituo cha polisi, kisha fuata njia ya kuomba cheti. Kuisugua kwaweza kufuta zile alama zinazoipa thamani, na kuificha kwaweza kumpeleka kizuizini mtu asiye na hatia nyingine.

Muuzaji mwaminifu hachukii kuulizwa. Akikukataza kutazama namba, au akikuambia kwamba cheti kitafuata baadaye, mwage kwa heri, urudi nyumbani na shilingi zako.