Nyumba ya Urithi na Ufa wa Ukuta

Mwezi huu tumeona ni vyema tuyaache kidogo mambo ya vitabu, tuzungumze habari ya kuta, dari na milizamu. Huenda baadhi yenu mkasema, mwalimu wa chuoni ana nini na mambo ya mafundi? Jawabu letu ni kwamba nyumba ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa juu yake kama anavyoulizwa juu ya sala yake.

Katika miji yetu ya pwani, kama vile Mombasa, Lamu na Unguja, jamaa wengi wanakaa katika nyumba za mawe na chokaa walizoachiwa na wazee wao. Nyumba hizo aghalabu hazina mwenyewe mmoja. Ni za warithi watano, kumi, au zaidi. Na ajabu ya nyumba hizi ni kwamba kodi inapogawanywa kila mtu huwa mwenye nyumba, lakini dari inapovuja hapatikani mwenye nyumba hata mmoja. Kaka hudhani dada atatengeneza kwa kuwa yeye ndiye akaaye ndani. Dada hudhani kaka atatengeneza kwa kuwa yeye ndiye mwenye fungu kubwa. Na aliye safarini Maskati au London hudhani kuwa waliobaki mjini wanatosha. Huku wakidhaniana hivyo, mvua haimngoji mtu.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twataka leo tuonyeshe kwamba maneno hayo si ya hekima tu, bali ni ya hesabu pia.

Kwanza yafaa kijana ajue nyumba ya babu yake imejengwa kwa nini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Chokaa hiyo nayo hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo kwa moto mkali, kisha hutiwa maji ikachemka na kulainika. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti huwekwa mawe na chokaa, ndipo ikapatikana sakafu ya ghorofa. Na kwa kuwa boriti nzuri haiwi ndefu sana, upana wa vyumba vile hauzidi sana mita 3. Ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Si ubahili wa wazee, bali ni kipimo cha mti.

Nyumba ya namna hii ina adui mmoja mkubwa kuliko wote, naye ni maji. Maji hutoka juu kwa dari iliyopasuka na mlizamu ulioziba, na hutoka chini kwa kupanda kutoka ardhini. Ukuta wa matumbawe hunywa maji hayo, kisha huyatoa nje polepole kupitia lipu ya chokaa, kama mtu anavyotoka jasho. Maadamu jasho latoka, ukuta una afya. Lakini siku hizi wengi wetu tukiona lipu imebabuka hukimbilia saruji, kwa kudhani kuwa kilicho kigumu ndicho kilicho bora. Saruji kweli ni ngumu, na katika nyumba ya matofali ya saruji ina mahali pake. Ama juu ya ukuta wa zamani, saruji huyafungia maji ndani. Nje ukuta huonekana mzuri kama bibi harusi, na ndani unaloa. Chumvi husukuma lipu, na vichwa vya boriti vilivyofichwa ndani ya ukuta huoza bila ya mtu kuviona. Baada ya miaka michache lipu ile ngumu hubanduka kwa vipande vikubwa, nayo huondoka pamoja na jiwe.

Basi shauri letu ni hili: ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Mchanganyiko wa kawaida ni fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga. Mchanga huo usiwe wa ufukoni, kwani una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ingojwe ishike, na ukuta uwe ukinyunyizwa maji kwa siku kadhaa ili usikauke kwa haraka na kupasuka. Tena watoto wawekwe mbali, na fundi ajihadhari, kwa sababu chokaa huunguza macho. Wakati mwema wa kazi hii ni kaskazi, baina ya vuli na masika, wakati jua lipo na mvua haijashika.

Ama ufa, si kila ufa ni wa kutisha. Mwenye nyumba achukue kalamu ya risasi, aweke alama katika ncha mbili za ufa, na kando yake aandike tarehe. Baada ya mwezi atazame. Ikiwa ufa haukupita alama, auzibe na amshukuru Mungu. Ikiwa umepita, au ikiwa unakwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au ukuta umefanya tumbo, basi aache kuziba na amwite fundi ajuaye nyumba za mawe, wala asiruhusu mtu kulala chini ya ukuta huo. Kadhalika boriti ijaribiwe kwa msumari karibu na ukuta: ukiingia kama katika boga, hapo pana kazi.

Tena kuna mambo mapya ambayo wazee wetu hawakuyapigia hesabu. Siku hizi karibu kila nyumba inataka simtanki juu ya paa. Twawauliza vijana wetu wanaosoma hesabu: simtanki la lita 1,000 likijaa lina uzito gani? Lita moja ya maji ni kilo moja; basi ni kilo 1,000, yaani tani nzima, bila ya kuhesabu simtanki lenyewe. Je, tutakubali kupandisha gari dogo likae juu ya boriti za mikoko zilizolazwa na babu wa babu yetu? Hatukubali. Basi simtanki liwekwe chini juu ya jukwaa lake uani, na maji yapandishwe kwa pampu kidogo kidogo. Na umeme vilevile. Waya kupita katika ukuta unaoloa ni kumwita Izraili kwa barua. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, hiyo yatuonya. Haifai kuibadilisha kwa kipande cha waya nene ili inyamaze. Kila aliye katika nyumba, mwanamume na mwanamke, na kila mtoto aliyebaleghe, yapasa ajue swichi kubwa iko wapi na izimwe vipi. Vijana wetu wanajua saa na dakika ya mpira wa Uingereza utakaochezwa usiku, na wanajua jina la kila mlinda mlango. Si vibaya, lakini wajue na hilo.

Labda mtu atasema, nyumba yetu ina kuta za dhiraa mbili, imesimama miaka mia, haina hofu. Tumjibu kwa mambo ya vita, kwani vijana hupenda habari za vita. Ngome ya Mombasa iitwayo Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa mawe ya matumbawe kama ya nyumba zetu. Waarabu wa Omani waliizingira mwezi wa Machi 1696, na hawakuitwaa ila mwezi wa Desemba 1698, baada ya miezi 33. Haikutekwa kwa sababu kuta zake zilikuwa dhaifu. Maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani, na mwishowe hawakubaki watu wa kuilinda. Ukuta ulisimama, watu ndio waliopungua.

Au tutazame Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga upande ule wa jumba la Sultani, katika vita vya Sayyid Khalid bin Barghash ambavyo havikuzidi dakika 45, yaani nusu moja ya mchezo wa mpira. Majumba ya jirani yalivunjika, lakini Beit el Ajaib lilibaki limesimama. Mizinga haikuliangusha. Lakini mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka yenyewe, na tarehe 25 Desemba 2020, huku kazi ya kulitengeneza ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hapo pana mazingatio kwa kila mwenye nyumba kongwe: yako matengenezo yanayongojwa mpaka kutengeneza kwenyewe kukawa hatari.

Sasa turudi kwa warithi, kwani humo ndimo ufa mkubwa ulimo. Kanuni ya haki ni nyepesi: gharama hufuata fungu. Aliyerithi kingi atoe kingi, aliyerithi kichache atoe kichache. Tupige mfano. Mtu amefariki, wazazi wake wametangulia, naye ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni. Zinazobaki ni thumni saba, na mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti; basi kila binti ana thumni moja, na kila mwana wa kiume ana thumni mbili. Fundi amesema dari na mlizamu ni shilingi 800,000. Mama atatoa 100,000, kila binti 100,000, na kila mwana wa kiume 200,000. Jumla ni 800,000 kamili, wala hapana ugomvi. Wale wale waliokuwa hodari wa kuhesabu thumni siku ya kugawana, wawe hodari wa kuzihesabu siku ya kuchangiana.

Na lililo jepesi kuliko hilo ni kutofikia kuchangiana kabisa. Nyumba ikiwa na kodi, warithi wakubaliane kwamba kabla ya kugawana kila mwezi hutolewa sehemu ya matengenezo, ikawekwa kwa mmoja wao aliye mwaminifu, na daftari likawepo. Ikiwa mmoja hana kitu, na mwenziwe akamlipia, basi waandike na washuhudishe, kwani Qurani yenyewe imetufundisha kuandika deni, wala udugu si sababu ya kuacha kalamu. Tumeona ndugu wengi waliogombana kwa kukosa karatasi moja. Hatujaona waliogombana kwa kuwa nayo.

Wala asidhani mtu kwamba hili ni la wenye nyumba peke yao. Ukuta ukianguka hauchagui. Humwangukia jirani, mpita njia, na mtoto aliyetumwa dukani. Dini yetu imekataza kumdhuru mtu, na mwenye kuujua ubovu wa ukuta wake akanyamaza hana udhuru wa kusema ni kadari.

Mwisho twataka kusema na vijana. Mnaijua katika Suratul Kahf habari ya Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wanavyuoni wengi humtaja kwa jina la Khidhri. Walifika katika mji wakaomba chakula, watu wakawanyima. Juu ya hayo wakakuta humo ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja akausimamisha bila ya kutaka ujira. Nabii Musa akastaajabu. Baadaye akaambiwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Tazameni, enyi vijana: katika mambo makubwa aliyoonyeshwa Nabii, mojawapo lilikuwa ni kazi ya uashi.

Basi katika kila mtaa mna timu ya mpira yenye watu 11 na akiba, na mchezo mmoja ni dakika 90. Tunawaomba kila timu, kabla ya masika, itoe dakika 90 kwa nyumba moja ya mjane au ya mayatima: kuondoa majani katika mlizamu, kung'oa mche wa mtini uliotia mizizi katika ukuta ungali mdogo, kufagia maji yaliyotuama darini. Wasipande mahali palipooza, ngazi ishikwe na watu wawili, na mtu mzima awepo. Kazi ya ukuta na umeme waachiwe mafundi. Hayo machache yatosha kuiokoa dari ya masika moja, na masika moja ndiyo mara nyingi huwa tofauti baina ya ufa na kifusi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake, awarehemu waliozijenga, na atujaalie tuwe warithi wa kazi zao kama tulivyo warithi wa mali zao. Amin.