Nani Alichora Kanga Yako?

Kama una kanga karibu nawe, ichukue. Itandaze mkekani. Sasa isome.

Utaona nakshi inayoizunguka kanga pande zote nne. Hilo ni pindo. Utaona sehemu ya katikati. Huo ni mji. Upande wa chini wa mji kuna maneno. Hayo ndiyo jina la kanga. Lisome polepole. Kisha tafuta maandishi madogo karibu na ukingo. Mara nyingi utakuta jina la kiwanda au la mfanyabiashara. Kwa mfano, kanga nyingi za Mombasa zina herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya familia ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo biashara yake ilianza Mombasa mwaka 1887.

Mfanyabiashara tumemwona. Je, jina la mchoraji liko wapi? Halipo.

Mimi nasema hili si haki. Tena nasema tunaweza kulirekebisha, na kalamu uliyojifunza kuishika ndiyo dawa yake.

KUCHORA NI KAZI

Wengine husema kuchora ni mchezo wa watoto. Sivyo. Mchoraji wa nguo hupima kama seremala. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na upana wa mita moja na kidogo. Pindo lazima likutane vizuri kwenye pembe. Jina lazima lienee mahali pake.

Rangi nazo zina hesabu. Kiwandani kila rangi huchapwa peke yake, kwa chombo chake. Ukiongeza rangi, umeongeza gharama. Mchoraji hodari hutumia rangi chache, na nguo ikapendeza. Tazama kisutu, kanga ya zamani ya harusi. Ina rangi tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mpaka leo haijachosha macho.

Tena mchoraji lazima awajue watu. Kanga zilianza katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Zilichapwa mbali: India, Uingereza, Uholanzi, na baadaye Japani. Lakini walioamua ipi inunuliwe ni wanawake wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Wakiukataa mchoro, mzigo hulala dukani. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Dar es Salaam kwa msaada wa China. Kikachapa kanga na vitenge hapahapa nchini. Hapo pia mchoro ulitangulia, kisha mashine ikafuata.

YALIYONIPATA KARIAKOO

Ukifika Kariakoo, litazame soko kuu. Lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, likajengwa upya. Ukiuliza nani alilichora mara ya kwanza, utajibiwa: ni Mtanzania, Beda Amuli. Jina lake limo vitabuni. Sasa nenda Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga. Uliza nani alichora kanga ile inayoning'inia mlangoni. Watakushangaa.

Mimi niliwahi kuchora kanga. Nilikuwa kijana. Pindoni niliweka majani ya mhogo, na katikati korosho nne. Nilikesha siku nyingi. Nikaupeleka mchoro kwa mwenye duka mmoja Kariakoo. Akautazama, akasema, "Uache, nitafikiri." Akanipa fedha ya nauli na chai. Nilishukuru, nikaondoka.

Miezi ilipita. Siku moja nilialikwa harusini. Akina mama wameingia kwa vigelegele, wote wamevaa sare. Majani ya mhogo pindoni, korosho nne katikati! Nilimwambia jirani yangu, "Mchoro ule ni wangu." Akacheka. Akauliza, "Una karatasi gani ya kuonyesha?"

Sikuwa nayo. Ndugu msomaji, mimi nilijua kusoma. Nilijua kuandika. Lakini siku ile dukani sikuandika kitu. Kuwa na kalamu bila kuitumia ni sawa na kuwa na jembe na kulitundika ukutani.

HOJA YA MWENYE DUKA

Mwenye duka naye ana hoja. Atasema, "Kiwanda hakichapi doti moja. Kinachapa mzigo mkubwa, na fedha ni zangu. Nguo isipouzika, hasara ni yangu." Ni kweli. Yeye hubeba hatari, na anastahili faida. Lakini bila mchoro, mzigo wake ni kitambaa cheupe tu. Mkulima hupewa bei ya pamba yake hata kama mwenye kiwanda atapata hasara. Kwa nini mchoraji apewe chai?

Siku hizi hatari imezidi. Picha moja ya simu inaweza kufika China kabla chai yako haijapoa. Basi tusikae tukilalamika. Tufanye yafuatayo.

Kwanza, tujue kwamba tuna ujuzi. Wewe unayesuka mkeka wa rangi, unayepaka hina, unayeshona kofia, tayari wapanga nakshi. Anza na karatasi. Ikunje mara mbili, uchore robo moja, kisha urudie robo tatu zilizobaki. Umepata mfano wa kanga.

Pili, anza na kidogo. Batiki haihitaji kiwanda. Inahitaji nta, rangi, maji, jiko na mikono. Utauza nguo yako mwenyewe, na utajua watu wanapenda nini.

Tatu, andika. Kila mchoro uandike jina lako na tarehe. Weka nakala nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa Tanzania Bara, na michoro ya nguo imo. Haki yako inaanza pale unapoufanya mchoro. Lakini pakitokea ugomvi utaulizwa ushahidi. Unaweza kuiandikisha kazi yako Ofisi ya Hakimiliki, ijulikanayo kama COSOTA. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake.

Nne, usiuache mchoro dukani bila mkataba. Mkataba useme bei, useme ni mara ngapi mchoro utachapwa, na useme jina lako litawekwa ukingoni. Usome wote kabla ya kutia sahihi. Usipoelewa, usitie.

Tano, nasi tusiibe. Kisutu ni urithi wa wote. Lakini mchoro wa mwenzako aliye hai ni shamba lake. Usivune usichopanda.

Na wewe mnunuzi una kazi yako. Siku ukienda Kariakoo kununua doti, uliza: "Nani alichora?" Mmoja akiuliza, watacheka. Mia wakiuliza, mwenye duka atatafuta jibu.

Haba na haba hujaza kibaba.

MAZUNGUMZO DARASANI

1. Taja sehemu tatu za kanga.
2. Kwa nini mwandishi alishindwa kuonyesha kwamba mchoro ni wake?
3. Je, mwenye duka ana haki kusema hasara ni yake peke yake? Toeni sababu.
4. Nani katika kijiji chenu ana ujuzi wa nakshi? Je, kazi yake ina jina na tarehe?